Dirisha ambalo Bismarck hakulifunga

Kuna sentensi moja ambayo sisi vijana tuliopita vyuo vikuu tunaipenda sana. Utaisikia kwenye semina, utaisikia vijiweni, na utaisikia kwenye vyumba vya habari kila gazeti linapofungiwa: unaweza kumfunga mtu, lakini huwezi kuifunga fikra yake. Ni sentensi tamu. Na wapenzi wa historia ya Ulaya wana mfano wao wa kuithibitisha. Watakuambia habari za Ujerumani ya Bismarck, ambako wasoshalisti walibanwa na sheria kwa miaka 12, kisha wakatoka wakiwa na nguvu kuliko walivyoingia.

Mfano huo ni wa kweli kabisa. Tatizo ni kwamba watu huusimulia nusu. Leo nataka tuusimulie wote, maana nusu inayoachwa ndiyo yenye funzo, hasa kwa sisi tunaoishi kwa kalamu.

Tuanzie mwaka 1878. Ujerumani ilikuwa dola changa, iliyounganishwa mwaka 1871 chini ya Kaizari Wilhelm I, lakini aliyeshika usukani alikuwa kansela wake, Otto von Bismarck. Viwanda vilikuwa vinaota kama uyoga na watu walimiminika mijini kutafuta kibarua. Kutoka kwa watu hao kilitokea chama cha wafanyakazi wa kisoshalisti, baada ya makundi mawili kuungana katika mji wa Gotha mwaka 1875. (Nasema wasoshalisti badala ya wajamaa kwa makusudi. Neno ujamaa kwetu linaleta picha ya kijiji na shamba la pamoja. Hawa walikuwa watu wa karakana, moshi na mshahara wa wiki.) Katika uchaguzi wa 1877 walipata kura karibu 493,000 na viti 12 kwenye Bunge la viti 397. Si wengi. Lakini Bismarck hakuwa mtu wa kusubiri mche uwe mti.

Chuki yake ilikuwa ya siku nyingi. Mwaka 1871 August Bebel, fundi wa kukereza mbao aliyekuwa mbunge, alisimama bungeni akaitetea Komuni ya Paris, ile serikali ya wafanyakazi iliyozimwa kwa damu. Mwaka uliofuata Bebel na mwenzake Wilhelm Liebknecht walihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kuandaa uhaini. Baada ya hapo kilichokosekana ni kisingizio tu cha kukimaliza chama kizima kwa mpigo.

Visingizio vikaja viwili, tena kwa kufuatana. Tarehe 11 Mei 1878 kijana fundi bati aitwaye Max Hödel alimfyatulia Kaizari risasi jijini Berlin, akamkosa. Hödel aliwahi kuwa ndani ya chama, lakini chama kilikuwa kimeshamtimua. Bismarck hakujali. Siku chache baadaye mswada wa kuwapiga marufuku wasoshalisti ulikuwa mezani. Bunge likaukataa kwa kura 251 dhidi ya 57, kwa sababu hata waliberali, ambao hawakuwapenda wasoshalisti hata kidogo, waliona huwezi kukiadhibu chama kwa kosa la mtu mmoja.

Kisha tarehe 2 Juni, Karl Nobiling, msomi mwenye shahada ya udaktari, akampiga Kaizari kwa bunduki ya kuwindia. Safari hii mzee huyo wa miaka 81 aliumia vibaya, ingawa alipona. Haikuthibitika kwamba Nobiling alitumwa na chama. Msaidizi mmoja wa Bismarck alisimulia kwamba kansela alipopewa habari, jambo la kwanza alilotamka ni kwamba sasa Bunge litavunjwa. Hali ya mzee aliiulizia baadaye.

Bunge likavunjwa kweli. Uchaguzi wa Julai ulifanyika katika hali ya hofu, na waliberali waliokuwa wanasema "hapana" mwezi Mei wakaogopa kuitwa watetezi wa wauaji. Tarehe 19 Oktoba 1878 sheria ikapita kwa kura 221 dhidi ya 149. Siku mbili baadaye ilianza kazi. Angalia muda huo, msomaji: kutoka mswada uliotupwa hadi sheria kamili haikufika hata miezi sita. Hoja zilikuwa zilezile za mwezi Mei. Ni hofu ndiyo iliyobadilisha kura.

Sheria yenyewe iliruhusu polisi kuvunja chama chochote, mkutano wowote na chapisho lolote lililoonekana kueneza usoshalisti au kutaka kupindua mfumo uliopo. Neno "lililoonekana" ndilo lililofanya kazi kubwa. Kuchangisha fedha kwa ajili ya malengo hayo kukawa kosa. Karibu magazeti yote ya chama yakafungwa ndani ya muda mfupi, likiwemo lile kuu la Vorwärts lililokuwa likitoka Leipzig. Vyama vya wafanyakazi vikavunjwa, na hata vikundi vya kuimba na vya kujisomea havikupona.

Kulikuwa na kifungu cha 28, ambacho mimi binafsi naona ndicho kilichokuwa kikali kuliko vyote. Kiliruhusu serikali kutangaza hali ya hatari ndogo katika mji fulani na kumfukuza humo mtu yeyote bila kesi. Berlin ilitangazwa mwaka huohuo wa 1878, Hamburg ikafuata 1880, Leipzig 1881. Polisi walimpa mtu siku chache tu za kufungasha. Mke na watoto walibaki, kodi ya nyumba ilibaki, na akienda mji mwingine mwajiri alikuwa ameshasikia habari zake. Kwa miaka yote 12 watu karibu 900 walifukuzwa hivyo, na karibu 1,500 walihukumiwa vifungo. Wengi wa waliofukuzwa walipanda meli kwenda Marekani na hawakurudi tena.

Na sheria ilifanya kazi, tusidanganyane. Kura za wasoshalisti zilishuka hadi karibu 437,000 mwaka 1878, kisha 312,000 mwaka 1881. Kama ungekuwa mwandishi wa habari Berlin mwaka 1881 ungeandika kwa ujasiri kwamba hawa jamaa wamekwisha, na takwimu zingekuunga mkono.

Sasa tuje kwenye dirisha.

Sheria ilikipiga marufuku chama, lakini haikumkataza msoshalisti kugombea ubunge akiwa mtu binafsi. Katiba ilitoa haki ya kupiga kura kwa kila mwanamume mwenye miaka 25 na zaidi, awe tajiri au kibarua. Ilisema mbunge hashtakiwi kwa maneno aliyoyasema bungeni. Ilisema pia kwamba taarifa ya kweli ya mijadala ya Bunge haiwezi kumtia mtu hatiani. Unganisha mambo hayo matatu uone kinachotokea: chama kisichoruhusiwa kufanya mkutano hata kwenye baa kilikuwa na wabunge waliosimama mbele ya Bismarck mwenyewe na kumwambia chochote, na maneno hayo yakachapishwa kihalali.

Bismarck hakulisahau dirisha hilo. Alitaka kulifunga akashindwa, kwa kuwa waliberali aliowahitaji ili sheria ipite walikuwa wamekubali kuuza mengi lakini si yote. Walisisitiza pia kwamba sheria iwe na muda wa mwisho, ili serikali ilazimike kurudi bungeni kuomba upya. Ikarudi mwaka 1880, 1884, 1886 na 1888. Kila iliporudi, unyama wa polisi uliwekwa mezani na kujadiliwa hadharani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Bismarck ufa ulikuwa huo, na kwa wasoshalisti ndiko mwanga ulikopenya.

Nje ya Bunge waliishi kwa ujanja. Vikundi vilivyovunjwa vilizaliwa upya kwa majina ya kuimba, kuvuta tumbaku au mazoezi ya viungo. Mazishi yakageuka mikutano ya hadhara. August Geib alipofariki Hamburg mwaka 1879, maelfu ya wafanyakazi walilifuata jeneza lake, na polisi wangefanya nini, wamkamate marehemu? Kitabu cha Bebel kuhusu mwanamke na usoshalisti, kilichotoka mwaka huohuo, kilipigwa marufuku, kikasambazwa kwa siri hadi kikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana na wafanyakazi wa Ujerumani. Mikutano mikuu ya chama ilifanyika ughaibuni: Wyden nchini Uswisi mwaka 1880, Copenhagen mwaka 1883, St. Gallen mwaka 1887.

Lakini mimi kinachonikuna ni habari ya gazeti. Septemba 1879 wakaanzisha gazeti jipya mjini Zürich, Der Sozialdemokrat, na kuanzia 1881 mhariri wake alikuwa Eduard Bernstein, kijana aliyekuwa karani wa benki. Kuliandika ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kulivusha mpaka. Hapo ndipo anapoingia Julius Motteler, ambaye wenzake walimpachika cheo cha utani cha mkuu wa posta nyekundu. Alijenga mtandao wa magendo kupitia Ziwa Konstanz na njia za milimani. Mzigo ukishaingia Ujerumani uligawanywa vifurushi vidogo na kutumwa kwa posta ya serikali yenyewe. Posta ya Kaizari ikawa inasambaza gazeti la kumpinga Kaizari, nakala zaidi ya 10,000.

Serikali nayo haikulala. Waziri wa mambo ya ndani wa Prussia, Robert von Puttkamer, alipeleka mashushushu hadi Zürich. Baadhi yao hawakusikiliza tu, walichochea: waliwasukuma watu waongee habari za baruti na mabomu ili serikali ipate ushahidi iliokuwa inautafuta. Walipofichuliwa, habari zao zilisomwa bungeni, na Puttkamer akaaibika. Uswisi, ikiwa imebanwa na Berlin, ilimfukuza Bernstein na wenzake mwaka 1888, gazeti likahamia London. Bernstein alikuja kukanyaga tena ardhi ya Ujerumani mwaka 1901, baada ya zaidi ya miaka 20 ughaibuni. Kwa mhariri, hiyo ni adhabu ndefu.

Bismarck alijaribu na asali. Bima ya afya ya wafanyakazi ilianza kwa sheria ya mwaka 1883, fidia ya ajali kazini mwaka 1884, pensheni ya uzeeni na ya ulemavu mwaka 1889. Wanaosema ilikuwa danganya toto wana hoja, maana pensheni ilianza kulipwa mtu akitimiza miaka 70, na wafanyakazi wengi walikuwa makaburini kabla ya hapo. Hata hivyo bima zile zilikuwa za kweli, na nchi nyingi ziliiga. Wafanyakazi walipokea bima kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaendelea kumpigia kura Bebel.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani hii moja kwa moja. Januari 1889, sheria ile ikiwa bado inafanya kazi, Bunge la Berlin lilijadili fedha za kuzima vita vya Abushiri bin Salim, aliyekuwa amewapinga Wajerumani kuanzia Pangani. Bebel alisimama akapinga. Alisema ile kampuni ya Afrika Mashariki ni kikundi kidogo cha matajiri na mabenki, na kwamba maslahi yao si maslahi ya Wajerumani. Bunge halikumsikiliza. Mamilioni mawili ya marki yakapitishwa, Hermann von Wissmann akaja na jeshi, na Desemba mwaka huohuo Abushiri akanyongwa Pangani. Mwaka 1896 Bebel huyohuyo aliyaanika bungeni mauaji ya Carl Peters kule Kilimanjaro, na mwaka 1897 Peters akavuliwa utumishi. Sisemi Bebel alikuwa mkombozi wetu. Nasema kwamba dirisha lililoachwa wazi kwa ajili ya wafanyakazi wa Berlin na Hamburg ndilo lililotumika pia kuyasema yaliyotendeka Pangani na Kilimanjaro, tena na mtu ambaye chama chake hakikuruhusiwa hata kuwapo.

Mwisho wa sheria ulikuja haraka. Januari 1890 Bunge likakataa kuiongeza muda kwa kura 169 dhidi ya 98. Februari wasoshalisti wakapata kura 1,427,000, nyingi kuliko chama kingine chochote Ujerumani, na viti 35. Machi Bismarck akaondolewa madarakani na Kaizari mpya, Wilhelm II. Tarehe 30 Septemba sheria ikafa. Kufikia 1912 chama, sasa kikiitwa SPD, kilikuwa na viti 110, kikubwa kuliko vyote bungeni.

Wasimulizi wengi huishia hapo, makofi yakipigwa. Sisi tuendelee.

Kwanza, kuna makovu. Chama kilichotoka kwenye miaka ile kilikuwa kikubwa, chenye magazeti, majengo na akiba ya fedha, na kilikuwa na hofu ya kuvipoteza. Mwishoni mwa Julai 1914, vita ikinukia, viongozi waliwatuma Friedrich Ebert na Otto Braun kwenda Zürich na fedha za chama, wakiogopa kufungiwa tena. Siku chache baadaye, tarehe 4 Agosti, wabunge wa chama walipiga kura kuunga mkono mikopo ya vita. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwemo hofu ya Urusi, lakini kumbukumbu ya miaka ile 12 ilikuwa mojawapo. Aliyepiga kura ya hapana peke yake mwezi Desemba alikuwa Karl Liebknecht, mtoto wa Wilhelm yule aliyefungwa na Bebel.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike, kuna 1933. Usiku wa 27 Februari jengo la Bunge liliungua. Kesho yake amri ya dharura ikafuta uhuru wa magazeti, wa mikutano na wa mtu kutokamatwa ovyo. Wakomunisti walikamatwa kwa maelfu. Tarehe 23 Machi Hitler akaomba Bunge limpe mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge. Viti vya wakomunisti vilikuwa vitupu, na wabunge 26 wa SPD hawakuwapo, wengine wakiwa mahabusu, wengine wamekimbia. Ukumbi ulijaa askari wa chama cha Nazi. Otto Wels, mwenyekiti wa SPD, alisimama akasema hapana. Kura zikawa 444 dhidi ya 94, na hao 94 wote walikuwa wa SPD.

Katika hotuba hiyo ya kishujaa Wels aliikumbusha sheria ya Bismarck. Alisema haikuwaua, na kwamba mateso mapya yatawaongezea nguvu mpya. Alikuwa anaitegemea ile sentensi yetu tamu. Tarehe 22 Juni chama chake kikapigwa marufuku, na Julai ikawa marufuku kuunda chama kingine chochote. Hakukuwa na mgombea binafsi, hakukuwa na kinga ya mbunge, hakukuwa na tarehe ya sheria kuisha wala hakimu wa kukimbilia. Walijaribu tena magendo ya magazeti kupitia mipakani, kwa ujasiri uleule wa kina Motteler, na safari hii waliokamatwa waliishia kwenye makambi. Rudolf Breitscheid wa SPD na Ernst Thälmann wa wakomunisti walifia Buchenwald mwaka 1944. Wels alifia Paris mwaka 1939, mkimbizi. Utawala ule haukuangushwa na fikra. Uliangushwa mwaka 1945 na majeshi ya nchi nyingine, baada ya mamilioni kufa.

Sasa rudi kwenye sentensi yetu. Mwaka 1933 watu wa SPD hawakuwa wajinga kuliko wazee wao wa 1878, wala waoga kuliko wao. Imani yao ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba mwaka 1878 kulikuwa na mambo manne matano madogo ambayo serikali haikuweza kuyagusa, na mwaka 1933 hayakubaki. Fikra ilinusurika chini ya Bismarck kwa sababu ilikuwa na mahali pa kupumulia.

Ndiyo maana siku hizi ninapomsikia mwenzangu akijifariji kwamba fikra haifungwi, napenda kumuuliza habari za mambo madogo. Sheria hii ina tarehe ya mwisho? Aliyefukuzwa anaweza kwenda mahakamani? Mgombea asiye na chama anaruhusiwa? Anayeandika kwa ukweli yaliyosemwa bungeni yuko salama? Hayo hayana utamu wa kauli mbiu, na yakiondolewa moja moja ni wachache watakaoandamana. Waliberali wa 1878 waliiuza haki ya jirani yao wasiyempenda, na hilo ni doa lao. Lakini vile vipande vichache walivyogoma kuviuza ndivyo vilivyomwokoa jirani huyo.

Nyie mnaonaje? Kama ingekuwa wewe ndiye mbunge wa mwaka 1878, jiji zima linapiga kelele baada ya mzee wa miaka 81 kupigwa risasi, ni dirisha gani ungekataa kulifunga? Tutafakari pamoja.